Tarajali wangu hanipigii simu usiku

Kwenu wataalamu wa safu hii,

Habari za kazi. Mimi ni daktari wa wodi ya wazazi katika hospitali moja hapa Dar es Salaam. Miezi 3 iliyopita nilipewa jukumu la kuratibu madaktari tarajali, yaani waliomaliza chuo na wako kwenye mafunzo ya kazi, wanaopita idara yetu. Sijawahi kufundishwa namna ya kufundisha. Nilikabidhiwa orodha ya majina na vitabu vyao vya mafunzo, nikaambiwa niwasimamie, basi.

Shida yangu ni kwamba usiku hawanipigii. Wiki 2 zilizopita mama mmoja alijifungua salama saa tatu usiku, kisha akaanza kutoka damu. Tarajali wa zamu alihangaika naye peke yake: akamwekea dripu, akamkanda tumbo, akaongeza dripu ya pili. Mimi nimekuja kupigiwa saa tano kasorobo, na aliyenipigia ni mkunga. Tulimkimbiza thieta, akaongezewa damu chupa 4, na tunashukuru karudi nyumbani na mwanawe. Nilipomuuliza kijana, alinijibu kwa sauti ya chini: "Presha bado ilikuwa sawa, dokta. Nikaogopa kukuamsha bure."

Asubuhi yake kwenye ripoti alisimamishwa mbele ya watu, akaulizwa maswali mpaka akashindwa hata yale anayoyajua. Tangu siku hiyo amekuwa kama kivuli. Anakuja, anafanya kazi, anaondoka, haongei na mtu. Mwenzake mmoja wa kike yeye ni kinyume: ananipigia kwa kila kitu, hata kuuliza kama ampe mgonjwa panadol.

Mkuu wangu wa idara anasema vijana wa sasa ni wazembe tu. Naomba mnisaidie. Nifanyeje wapige pale panapostahili? Nitawafundisha saa ngapi wakati raundi ina wagonjwa 40? Na huyu aliyenyamaza, nimwache apoe mwenyewe?

Mratibu Mpya,
Tabata

*

Daktari, pole na majukumu.

Tuanze na neno la yule kijana, "presha bado ilikuwa sawa." Hakuwa anajitetea, alikuwa anakueleza alichokiona. Mama kijana aliyetoka kujifungua anaweza kupoteza karibu lita nzima na presha ikabaki palepale, kwa sababu mishipa inajibana na moyo unakwenda mbio kufidia. Presha ikija kushuka, akiba imeshakwisha. Kinachotangulia ni mapigo ya moyo. Mapigo yakifika 110 na presha ya juu (ile namba ya kwanza) ni 100, yaani mapigo yameipita presha, huyo mama yuko pabaya hata kama anakujibu salamu. Tarajali aliyesoma miaka 5 chuoni analijua hili kwenye karatasi ya mtihani. Saa nne usiku, peke yake, mbele ya mashine inayosoma 105 kwa 70, anaishika ile namba inayomtuliza.

Ndiyo maana hatukushauri uwaambie "mkiwa na wasiwasi nipigieni." Agizo hilo linamtaka mtu akiri kwamba kazi imemshinda, na kijana wa mwezi wa pili wa utarajali hawezi kukiri hivyo saa nane za usiku kwa mtu atakayemsaini kitabu. Mwondolee uamuzi huo. Andika namba, zibandike ukutani leba na ndani ya mlango wa chumba cha zamu, na useme hivi: namba ikifikiwa, simu inapigwa, hata kama unaamini unaweza. Kwa wodi ya wazazi tungeanza na hizi. Damu mililita 500 baada ya kujifungua, au 300 kama mapigo au presha imeshabadilika. Presha ya juu chini ya 90, au 160 na zaidi. Ya chini 110 na zaidi. Mapigo zaidi ya 110. Pumzi zaidi ya 30 kwa dakika au chini ya 10. Mkojo chini ya mililita 30 kwa saa. Mapigo ya mtoto tumboni chini ya 110 au zaidi ya 160 yasiyorudi. Degedege lolote, na mgonjwa yeyote ambaye fahamu zake si zile za saa moja iliyopita. Kisha ongeza mstari wa mwisho: mkunga akisema "huyu simwelewi," hiyo nayo ni namba.

Namba ya damu haina maana kama damu inakadiriwa kwa macho. Kwa macho tunapunguza, karibu sote, na kadiri inavyomwagika nyingi ndivyo tunavyokosea zaidi. Utafiti wa E-MOTIVE uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, na matokeo yake kutoka mwaka 2023, ulitumia mfuko wa plastiki wenye alama za mililita unaotandikwa chini ya makalio ya mama mara tu mtoto anapotoka. Kule mfuko ulikotumika pamoja na matibabu ya kifungu kimoja (hatua kadhaa zinazofanywa kwa pamoja), asilimia 93 ya waliovuja damu waligunduliwa. Kwingine ni asilimia 51. Visa vibaya kabisa, yaani kupoteza lita moja na zaidi, kufunguliwa tumbo kwa ajili ya damu au kufa kwa damu, vilipungua kwa asilimia 60. Kifungu chenyewe si kigeni kwako: kukanda mji wa mimba, oksitosini ya kuukaza, traneksamiki (dawa ya kuzuia damu) gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, dripu, kuchunguza njia ya uzazi na kondo, na kuita msaada. Tazama kwamba kuita kumehesabiwa kuwa sehemu ya dawa. Kijana wako alifanya viwili kati ya hivyo, halafu akarudia kimoja.

Kama mifuko hiyo haipo, pimeni pedi na vitambaa kwenye mizani, mtoe uzito wa vikavu. Gramu 1 ichukulieni kama mililita 1. Na tukiwa hapohapo, kagua oksitosini inakaa wapi. Inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Katika joto la Dar, chupa zinazoachwa juu ya toroli toka asubuhi "ili ziwe karibu" zinapoteza nguvu, halafu usiku tarajali anashangaa mbona mji wa mimba haukazi, anaongeza dozi, na dakika zinakwenda.

Simu yenyewe nayo ina mambo. Ulishawahi kuuliza nani analipia vocha? Daktari tarajali ambaye posho imechelewa anaweza kuwa hana salio, na haoni namna ya kukuambia. Kama leba haina simu ya hospitali inayopiga nje, kubalianeni wazi kwamba kubipu kutoka namba zile, tena mara mbili mfululizo, maana yake ni "nipigie sasa hivi." Ziandike namba zenyewe, yako na ya daktari wa pili wa akiba, kwa kalamu ya wino mzito. Mkunga apewe ruhusa, kwa maandishi na si kwa mdomo, ya kukupigia moja kwa moja bila kumwomba tarajali. Usiku ule alikupigia kwa ujasiri wake tu. Wengi hawathubutu kumruka daktari, hata aliyefika juzi, wakati wao wana miaka 20 leba.

Halafu wafundishe kupiga. Sentensi 4, kwa mpangilio huu: mimi ni nani na tatizo ni lipi, mgonjwa amepitia nini mpaka sasa, nadhani ni nini, nataka nini kutoka kwako. Mtindo huu ulianzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani kabla hospitali hazijauchukua. Mdomoni unakuwa hivi: "Dokta, ni tarajali wa leba, mama kitanda namba 3 anatoka damu, mfuko unasoma 600, mapigo 118, presha 100 kwa 60. Amejifungua nusu saa iliyopita, mtoto wa nne, kondo limetoka lote. Nadhani mji wa mimba haukazi. Oksitosini na traneksamiki nimeanza, naomba uje." Sekunde 20. Watu huacha sentensi ya nne, wakamwaga habari za mgonjwa kisha wakanyamaza, wakisubiri ujitolee mwenyewe. Wewe uliyeamshwa usingizini unajibu "endelea kumwangalia," mnakata simu, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyeamua.

Sentensi ya tatu ndiyo dawa ya yule binti wa panadol. Usimwambie asikupigie. Muulize tu, "Wewe unadhani apewe au asipewe, na kwa nini?" Mara nyingi jibu analo, anachokosa ni mtu wa kumthibitishia. Baada ya wiki 2 au 3 utaona simu zinapungua zenyewe. Ukimfokea leo, kesho utakuwa na wawili wasiopiga. Na jibu lako la kwanza kabisa, usiku wa kwanza, ndilo litakalotangazwa kwa tarajali wote kabla jua halijachomoza. Hawa wana kundi lao la WhatsApp na wewe humo haumo. Kwa hiyo hata kama simu haikustahili, anza na "umefanya vizuri kupiga," ndipo useme lingine.

Kuna suala la kisheria ambalo mkuu wako analijua fika. Tarajali anafanya kazi kwa usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika katika ile miezi 12. Yuko chini ya usimamizi. Akihangaika na mgonjwa kwa muda wa karibu saa mbili peke yake bila wewe kujua, swali la nani alikuwa msimamizi haliwezi kuishia kwake.

Sasa kufundisha. Hutapata saa ya kufundisha, na ukiisubiri utaisubiri mpaka wamalize zamu zao idarani. Chagua wagonjwa 3 kati ya 40 kabla raundi haijaanza, wengine wapite kwa kasi ya kawaida. Kwa hao 3 tumia njia ambayo walimu wa tiba ya familia wa Marekani waliiandika mwaka 1992 na kuiita ya dakika moja, ingawa ukweli ni dakika 3 hadi 5. Kwanza mfunge kwenye uamuzi: "Unadhani ana nini?" Usimpe jibu, hata akikaa kimya, hesabu hadi 5 moyoni. Pili: "Umeona nini kilichokufanya useme hivyo?" Tatu mpe kanuni moja tu, ile anayoweza kuibeba kwa mgonjwa mwingine. Nne mwambie alichopatia, kwa jina lake: si "vizuri," bali "vizuri kwamba ulihesabu pumzi mwenyewe bila kunakili zilizoandikwa jana." Tano, rekebisha kosa moja. Ukirekebisha manne hatabaki na hata moja. Tunaona kosa kubwa la wasimamizi wengi liko kwenye hatua ya kwanza: wanauliza, wanajibu wenyewe, wanaondoka wameridhika kwamba wamefundisha.

Ujuzi wa mikono una njia yake, na hapa tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu: kuandaa magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba. Dozi ya kuanzia ni gramu 14. Gramu 4 zinaingia kwenye mshipa, gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Kwa ampuli ya asilimia 50, mililita 2 ni gramu 1. Kwa hiyo gramu 4 ni mililita 8. Unavuta na mililita 12 za maji ya sindano, bomba la mililita 20 linajaa, dawa imekuwa ya asilimia 20, na inasukumwa polepole, isipungue dakika 5. Ya misuli haichanganywi na maji: mililita 10 kwa kila tako, pamoja na mililita 1 ya lignokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2 kwa sababu inauma vibaya, sindano ndefu, ndani kabisa.

Makosa yanatokea wapi? Kwanza, mtu anabadilisha mabomba na ile ya asilimia 50 inaingia kwenye mshipa bila kuchanganywa. Pili, amezoea kuhesabu ampuli badala ya gramu; bohari ikileta ampuli za ujazo au nguvu nyingine, "ampuli 4" zake zinakuwa dozi nyingine kabisa. Tatu, dozi ya kila saa 4 ya gramu 5 inatolewa kwa kufuata saa tu, bila kuangalia pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, na mkojo uwe umefika mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti, inayotengua magnesiamu iliyozidi, gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, iwe kando ya kitanda. Si dawa ya kwenda kuitafuta famasi wakati mama ameacha kupumua.

Kulifundisha hilo chukua mabomba, maji na ampuli tupu, robo saa baada ya raundi, ukifuata hatua 4 zinazojulikana kwa jina la Peyton. Ufanye wewe kwa kasi ya kawaida, kimya. Ufanye tena polepole ukieleza kila tendo na sababu yake. Mara ya tatu mikono iwe yako lakini maneno yawe yake: unafanya kile tu anachokuagiza, hata akikosea. Akisahau kusema "ongeza mililita 12," wewe nyanyua bomba lenye mililita 8 na umwangalie. Mara ya nne afanye yeye akijieleza. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa kila mahali, kwa kuwa inaonekana kama mchezo, na ndiyo pekee inayokuonyesha kosa lililoko kichwani kabla halijamfikia mgonjwa. Kitabu chake msaini siku hiyohiyo. Vitabu vinavyosainiwa vyote siku ya mwisho ya zamu haviwezi kukuambia lolote.

Kuhusu aliyenyamaza: hapana, usimwache. Mtafute wiki hii, mkae mahali ambapo wakunga hawapiti, mlango umefungwa, simu yako imezimwa. Mwombe akusimulie usiku ule toka saa tatu, kwa mpangilio, wewe usikatize. Kisha tenganisha: dripu na kukanda vilikuwa sahihi na vilimpa yule mama muda, damu haikupimwa, traneksamiki haikutolewa, simu haikupigwa. Ongelea matendo. Maneno kama "mzembe" au "hujiamini" hayana kitu cha kufanyia kazi. Umweleze pia lile la mapigo na presha, na umwambie wazi kwamba namba hazikuwepo ukutani na kuziweka ilikuwa kazi yenu.

Baada ya hapo uliza habari za yeye mwenyewe. Analala saa ngapi, anakula, anaishi na nani, nauli anaipata? Kama hajarudi kuwa yule wa zamani baada ya wiki 2, kama halali hata siku ya mapumziko au anazungumza kama mtu asiyeona mbele, muulize bila kuzunguka kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake siku hiyo, na apelekwe kwa daktari wa afya ya akili asiyehusika na kumpima kazini. Hata kama hali si mbaya kiasi hicho, mpe mlezi mwingine idara tofauti. Wewe unamsaini, kuna mambo hatakuambia, na ana haki. Zamu yake ya kwanza ya usiku akirudi leba, uwepo mwenyewe mpaka saa sita, si kwa simu.

Ile ripoti ya asubuhi inabidi ibadilike, na hapa utahitaji kumkabili mkuu wako kwa heshima zote. Kumsimamisha mtu aliyekesha, mbele ya wenzake 30, kunawafundisha hao 30 kuficha. Omba jambo dogo: kisa kibaya kianze na swali la nini kilikosekana, kuanzia damu, mtu, dawa, taarifa, na maswali kwa mhusika yafanyike ofisini siku hiyohiyo. Na aliyekesha aondoke baada ya kukabidhi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka wodi za wagonjwa mahututi huko Boston ulionyesha tarajali waliopangwa zamu ndefu za saa 24 na zaidi walifanya makosa makubwa kwa asilimia 36 zaidi ya walipofupishiwa. Wako akimaliza saa nne asubuhi bado ana foleni ya kivuko cha Kigamboni au daladala ya Mbagala, na jioni yuko zamu. Kwenye makabidhiano yenyewe ongeza kitu kimoja: anayepokea arudie kwa mdomo wake wagonjwa wa hatari na kinachosubiriwa kwa kila mmoja. Yanachukua dakika chache, na ndipo mnapogundua kwamba damu ya mama wa kitanda namba 7 iliombwa lakini haikufuatwa.

Kuhusu hoja ya uzembe, usibishane nayo kwa maneno. Weka daftari leba lenye safu 3: saa tatizo lilipoonekana, saa simu ilipopigwa, saa daktari alipofika. Mkunga ndiye ajaze. Baada ya wiki 4 lipeleke kikaoni kama lilivyo. Dakika zinazopotea kati ya safu ya kwanza na ya pili ni za tarajali, na sasa unajua cha kufanya nazo. Zinazopotea kati ya ya pili na ya tatu ni zenu nyinyi mlioko kwenye orodha ya zamu, mkuu wako akiwemo.